Mwanafunzi Wangu Alivishwa Diski kwa Kuongea Kiswahili

Mhariri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, S.1 (kidato cha kwanza) stirimu, yaani mikondo, tatu na S.2 mbili, na mwalimu wa Kiswahili hapa shuleni kwetu ni mmoja tu, ndio mimi. Wanafunzi wananiita Madam Ngeli, wanadhani sijui.

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja alilalamika kwamba walimu wa Kiswahili Uganda ndio wanaoua Kiswahili, eti mtoto wake amekisoma miaka miwili na ukimuuliza jina lake anajibu "nzuri". Nilicheka sana. Halafu nikanyamaza, maana huyo mtoto anaweza kabisa kuwa wangu. Nikasema ngoja nijibu, si kwa kukataa bali niseme yale tunayobishana sisi walimu tukiwa peke yetu, kwa sababu mzazi akisikia "mtoto hajui Kiswahili" anafikiri mwalimu ni mvivu tu, na hii maneno ina mizizi mirefu zaidi ya uvivu.

Nianze na diski. Kwa wasomaji wa Dar au Mombasa ambao labda hawaijui, diski ni kipande cha ubao kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza maneno ya kumchekesha anayekivaa. Mtoto akikamatwa anaongea lugha ya nyumbani, sisi tunaita venakula, anavishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake naye ampe. Jioni wote waliokivaa siku hiyo wanafagia choo. Shule nyingi tu zinayo kwa namna moja au nyingine, kwingine ni mfupa, kwingine gunia, sisi tuna ubao.

Sasa Jumatano moja muhula huu kijana wa S.2 anaingia darasani kwangu na diski shingoni. Namuuliza umeongea nini, Lusamia au Luganda? Ananiambia, "Madam nimesema 'nipe rula yangu'." Nipe rula yangu! Kwa Kiswahili, tena safi, hata mimi ningempa tiki. Prifekti wa lugha alimwandika kwa sababu kwenye sheria za shule kilichoruhusiwa ni Kiingereza tu, kingine chochote ni kosa. Na hapo kengele imelia, ni kipindi changu, namwambia fungua daftari tuongee Kiswahili huku shingoni amevaa adhabu ya kuongea Kiswahili. Darasa zima linanitazama. Watoto 94, wamenyamaza kama wako msibani, wanangoja kuona madam atafanya nini.

Nilimvua, nikaiweka kwenye droo. Baada ya hapo ndio moto ukawaka.

Chai ya saa nne, chai kavu, eskoti (kitafunio) hakuna siku hizi, DOS, yaani mkuu wa taaluma, ananiuliza kwa nini nimeingilia nidhamu ya shule. Nikamuuliza mbele ya wote, kwani Kiswahili ni venakula? Kimya. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye ni rafiki yangu na tunapanda boda moja jioni, akasema Kiingereza ndio lugha ya mtihani, ukiwaachia mlango kidogo watapita na Luganda na Ateso na kila kitu. Mzee wetu wa hesabu akasema yeye alivaa diski miaka ya sabini na leo ni mwalimu, haikumuua. Nikamwambia mzee wangu, na ukimwi haukukuua lakini hatuupendekezi. Wakacheka, ikasaidia kidogo. Mwishowe DOS akatoa hukumu, kwamba Kiswahili kinaruhusiwa lakini darasani tu, kwenye kipindi chake. Yaani kama fizikia. Sijawahi kusikia mtu anaambiwa uzito wa jiwe uishie maabara.

Wenzangu hawakosi akili, nataka hilo lieleweke. Wanafanya walichofanyiwa. Lakini angalia nchi yenyewe inasema nini. White Paper, waraka wa serikali wa sera ya elimu wa mwaka 1992, ilitaka Kiswahili kifundishwe kwa wote, praimari na sekondari. Katiba iliporekebishwa 2005 ikakiweka lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Februari 2020 ukakifanya lazima kwa S.1 na S.2. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima. Karatasi zipo, na ni nzuri. Karibu miaka thelathini na kitu ya karatasi, na bado kijana anafagia choo kwa sababu ya "nipe rula yangu".

Basi nilienda nyumbani nimefura kwa hasira, nikajiona shujaa. Usiku nikaanza kusahihisha na nikafika kwenye daftari la huyo huyo kijana. Zoezi la ngeli. Tatu kwa kumi. Kalamu nyekundu imeteleza kila mahali, X, X, "hapana", "soma ngeli ya LI-YA", na chini nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe "una lugha ya barabarani". Hiyo ni sentensi yangu mimi. Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu, kwa kweli mimi na prifekti tulikuwa tunafanya kazi moja, tofauti ni kwamba mimi nalipwa, na hata huo mshahara tuuache kwanza.

Kwa sababu huyo kijana Kiswahili anakijua. Jumamosi hiyo nilikwenda mpakani kununua sabuni, na wale wanaojua Busia wanajua pale karibu na ofisi za mpaka kuna wazee wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa zile baiskeli za magurudumu matatu. Kijana wangu anamsukumia mjomba wake, mizigo ya trei za mayai kwenda upande wa Kenya. Mama mmoja wa Kenya anabishana naye bei. Nilisimama nyuma ya kibanda cha simu nikasikiliza kama mpelelezi.

"Hii mzigo ni ya soo mbili, usinidanganye." (Soo ni mia.)

"Mama, soo mbili ilikuwa mwaka jana. Hii ni tano. Angalia vile imejaa."

"Nyinyi watu wa Uganda mnapenda pesa."

"Si kupenda mama, ni hii tairi. Shika uone, imebaki karatasi." Akainama, akamshikisha yule mama tairi kwa mkono wake mwenyewe. Mama akacheka, akampa mia tatu na hamsini, tena akamwongezea ndizi mbili.

Sasa niambie, hiyo ni tatu kwa kumi? Alikataa bila kumtukana mtu, akatoa sababu, akaleta ushahidi, akamchekesha mteja, bei ikapanda. Mtaala wetu mpya unaongea kila siku juu ya umahiri, kwamba mtoto aweze kutumia alichojifunza kwenye maisha yake, na ule umahiri wenyewe ulikuwa unasukuma mayai mbele ya macho yangu na mimi nimeupa X kwa sababu alisema "hii mzigo" badala ya "mzigo huu". (Ndio mhariri, najua hapo juu nami nimeandika "hii maneno". Iache hivyo tafadhali, msinisahihishie.)

Na amekitoa wapi? Nilimuuliza baadaye. Hawa wa S.2 wa mwaka huu walikuwa P.4, darasa la nne la msingi, Covid ilipoingia. Shule zikafungwa Machi 2020, zikafunguliwa kidogokidogo, zikafungwa tena Juni 2021, mpaka Januari 2022 ndio zikafunguliwa kwa wote. Na P.4 ndio darasa la kuvuka, mtoto ambaye P.1 mpaka P.3 amefundishwa kwa lugha ya nyumbani anaanza kuhamia Kiingereza. Hawa walitakiwa wavuke na daraja halikuwepo. Wengi hapa kwetu waliishia njia za panya wakibeba vitu, na huko lugha ya kazi ni Kiswahili. Kwa hiyo huu muda tunaosema watoto walipotea, kuna kitu walirudi nacho, na sisi tulipowapokea tukawaambia kiacheni getini.

Nitoe mfano mmoja wa darasani ambao unaniuma kuliko yote, saa. Mimi nilikuwa nafundisha saa kama nilivyofundishwa, kupitia Kiingereza. Unachora saa ubaoni, unaandika 8:00, unasema hii kwa Kiswahili ni saa mbili, unatoa sita, au unatazama namba iliyo upande wa pili wa mkono, watoto wanatoa macho. Kwenye mtihani nusu ya darasa wanaandika saa nane. Miaka na miaka nawaita wazito. Siku moja nikiwa nimechoka nikamuuliza binti mmoja wa mbele, kwenu bibi yako anasema ni saa ngapi mkianza shule asubuhi? Akajibu "ssaawa bbiri". Ssaawa bbiri! Luganda inahesabu saa vilevile kama Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza, na hata neno lenyewe ni lile lile. Mtoto tayari alikuwa nalo jibu sahihi kichwani, mimi ndiye nilikuwa namtoa kwenye jibu nampeleka London ndio nimrudishe Busia. Kipindi kile saa iliisha kwa dakika saba, iliyokuwa inanichukua wiki. Nilitamani kuwaomba msamaha wale wote wa nyuma.

Ngeli hivyohivyo. Jina langu lenyewe nimelipata kwa kuzipigia kelele. Lakini mtoto anayesema omuntu na abantu, mtu-watu ina ugumu gani kwake? Omuti, emiti, mti, miti. Ekintu, ebintu, kitu, vitu. Hata ile LI-YA inayowatoa jasho, mwambie aseme jicho kwa Luganda, eriiso, mengi ni amaaso, ataiona mwenyewe inavyokwenda. Halafu kuna maneno yaliyokwisha kuhamia Luganda zamani: emmeeza, eddirisa, ekitabo, ssabbuuni. Niliwapa kazi ya nyumbani wakusanye maneno ya Kiswahili yaliyojificha kwenye midomo ya wazazi wao, binti mmoja akarudi na 27, nyanya yake alikasirika kuambiwa anaongea Kiswahili, akasema yeye hajawahi kuwa mwanajeshi.

Na hapo nisimame kidogo, kwa sababu yule nyanya si mtu wa kuchekwa. Mwaka juzi mzee mmoja alikuja shuleni na kanzu yake na fimbo, akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini namfundisha mjukuu wake lugha ya bunduki. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kilichofuata kila mtu anakijua, waliokiongea kwa sauti walikuwa wamevaa buti. Halafu miaka ya themanini ikaja "panda gari", ukisikia hayo maneno mawili unapandishwa kwenye lori na kurudi ni bahati. Yule mzee alinionyesha mkono wake, vidole viwili havikunji. Hakuniambia ni nini na sikumuuliza. Sasa wewe umkute huyo umwambie ngeli ya KI-VI. Nilimpa kiti tukanywa chai, nikamwambia mjukuu wake anataka kuuza mitumba mpakani na Wakenya hawajui Luganda. Akafikiri. Akasema basi mfundishe ya kuuza tu, zile za kuamrisha usimfundishe. Nimelikumbuka hilo kila ninapofika kwenye vitenzi vya amri, naanza na "tafadhali".

Watoto wa Iteso ndio wanaonipa shida ya kweli na sitadanganya. Ateso haimo kwenye ukoo wa lugha za Kibantu, maneno yake yanajipanga kivyake, kwa hiyo ile njia yangu ya omuntu-abantu haiwasaidii chochote, na darasani wanajiona wametengwa wenzao wakishangilia. Kwao nimeona chati ya ngeli ni sumu kabisa. Wanachoshika ni sentensi nzima, wimbo, maigizo, kitu kinachosemwa mara ishirini mpaka ulimi ukizoee, "kiti changu kimevunjika, kalamu yangu imepotea", sheria baadaye. Kuna mwalimu wa hapa jirani anasema bora wakariri jedwali, angalau wapate alama. Bado tunabishana naye.

Sasa ninachofanya ni hiki. Jumatatu dakika kumi za kwanza sisahihishi mtu. Kila mmoja analeta sentensi aliyoisikia njiani, sokoni, kwenye boda, tunaiandika ubaoni kama ilivyo. Nimegawa ubao, upande mmoja nimeandika "barabarani" na upande wa pili "kwenye karatasi". Tunaulizana nani alisema, alikuwa anamwambia nani, na ukitaka kuiandikia UNEB, baraza la mitihani, utaiandikaje. "Hii gari inaenda wapi" inavuka inakuwa "gari hili linaenda wapi". "Kuja hapa" inavuka inakuwa "njoo hapa", na mmoja akaniuliza madam kwa nini si "kuja", nikakosa jibu, nikamwambia kila familia ina mtoto mkorofi asiyefuata wengine. "Umeshakula?" ikavuka ikabaki "umeshakula?", haikubadilika hata herufi, wakashangilia kama goli la Cranes, timu yetu ya taifa. Kumbe wakati mwingine barabara na kitabu vinaongea sauti moja na hawakuwa wanajua.

Kuna siku kumeharibika. Ukifungulia barabara mlango haichagui inachoingiza. Wiki ya tatu kijana mmoja wa nyuma alisimama kwa heshima zote akasoma sentensi aliyoisikia kwa makanika, banange, siwezi kuiandika hapa wala sikuiandika ubaoni, darasa lilianguka chini kwa kicheko, askari wa geti akaja kuangalia kuna nini. Na stirimu ya C ya S.1 kwa kweli ni kelele tupu, bado sijapata dawa yao, watoto wengi na vitabu vya kiada 11, wanaokaa nyuma hawakioni kitabu mpaka kengele.

Rafiki yangu wa Kiingereza ananiambia utawafelisha. Anasema msahihishaji hajui habari za tairi wala ndizi mbili, anataka Kiswahili sanifu, basi. Hapo ana haki na mimi silali nikilifikiria. Mtihani wa S.4 wa mtaala mpya ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2024, alama 80 kwa mia zinatoka kwenye karatasi ya mwisho, 20 ndio zinatoka kwetu shuleni. Kwa hiyo sanifu lazima waifikie. Tunachotofautiana ni wapi pa kuanzia. Yeye anataka mtoto aingie darasani akiwa amevaa sanifu tayari kama yunifomu, mimi naona sanifu ni nguo mtoto atakayoivaa akishajua kutembea. Pia tusijidanganye juu ya zile 20. Tunazipata kwenye shughuli za kuunganisha, AOI, yaani kazi za kutumia ulichojifunza, na kitabu kimoja kinamtaka mtoto aandike mazungumzo kwenye uwanja wa ndege. Wanafunzi wangu Entebbe wanaisikia redioni. Wakaandika upuuzi, walimu tukapika alama ili tujaze fomu, na mimi nimepika, naandika hapa ili nione aibu vizuri. Muhula huu niliwapa mazungumzo ya mpakani, muuzaji, mnunuzi na mtu wa forodha. Karatasi zilizorudi nilizisoma mpaka saa sita usiku kwa raha yangu, kuna moja mtu wa forodha anaomba chai na muuzaji anamletea chai kweli, kikombe na sukari.

Juu ya mshahara nitasema mstari mmoja tu. Mwaka 2025 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alikuwa anapata shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa arts, masomo yasiyo ya sayansi, tulikuwa kwenye milioni moja na kidogo, wenzetu wakagoma, tukarudi darasani, na Kiswahili ni arts. Ndio sababu mwingine ukimuuliza Kiswahili anakifundisha vipi anakujibu kwamba anafundisha na hisabu za boda boda kichwani. Huyo mzazi aliyeandika alijue na hilo.

Kitu kingine kidogo kinachoniudhi: Kiswahili ni lazima S.1 na S.2, wakifika S.3 wanachagua, na wanaochagua Kiswahili kwetu mwaka huu ni 9. Tisa kutoka mia na zaidi. Nilipowauliza wengine kwa nini wameacha, hakuna aliyesema ni kigumu. Walisema "madam, tunakijua". Nilifikiri wanajigamba. Sasa naelewa walichokuwa wanasema, kwamba kile wanachokijua hakimo darasani mwangu, na kile kilichomo darasani hawaoni cha kufanyia.

Diski ile iko bado kwenye droo yangu. Hedimasta alituita ofisini mimi na DOS, akasikiliza, akatoa Kiswahili kwenye orodha ya makosa, imetangazwa paredi ya Ijumaa na wanafunzi walipiga makofi mpaka wakakatazwa. Lakini imetengenezwa diski nyingine kwa ajili ya Lusamia, Ateso na Luganda. Nimemwambia hedimasta kwamba serikali yenyewe tangu 2007 inafundishia watoto wadogo kwa lugha hizohizo, itakuwaje zigeuke uchafu mtoto akifika sekondari. Akaniambia, "Madam, taratibu. Umeshapata moja." Basi natafuna hiyo moja kwanza.

Sasa ombi langu kwenu, na ndilo hasa limenifanya niandike. Wanafunzi wangu hawana kitu cha kusoma kwa Kiswahili nje ya vile vitabu 11. Magazeti yenu yasiyouzwa, hata ya mwezi uliopita, hata yaliyolowa kidogo, sisi tunayahitaji. Matangazo ya biashara ndiyo wanayapenda kuliko habari, na barua za wasomaji, wanapenda kuona watu wazima wanagombana kwa Kiswahili. Mkiweza kufunga nakala kumi kumi mkampa kondakta wa taksi za Busia pale Kampala, andikeni juu "Madam Ngeli" tu, ataziacha stendi. Yule kijana wa rula ndiye atakayekuja kuzichukua, ana baiskeli na mjomba wake amebadilisha tairi.

Ni mimi,
Madam Ngeli,
Busia, Uganda